Gusa Skrini, Filamu Iache

Kisian, Jumamosi, saa tisa mchana

Akinyi, nyathina, mwanangu,

Kabla hujasoma mbali, ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Kuanzia hapa Kisian mpaka ufike Busia, ukigonga kila mlango, hutapata mwanaume aliyewafundisha wageni wengi Dholuo kuliko mimi. Majambazi wa Kichina, makomando wa Kimarekani, wale wapenzi wa Kihindi wanaoimba mvua ikiwanyeshea, wote walipitia mdomoni mwangu wakatoka wakiongea kama watu waliozaliwa nyuma ya posho mill yetu. Kuna jenerali mmoja alikuwa na nyota kifua kizima. Nilimfanya aitishe omena, dagaa wa ziwa letu. Na haya yote kwa elimu ya kidato cha pili, tena sikukimaliza. Ningemaliza shule, sijui hii dunia ingenibeba namna gani.

Cheka tu. Najua unacheka kwa pua, kama mama yako.

Nimefunga ukumbi leo. Nimeandika kwa chaki mlangoni: HAKUNA SINEMA, PROFESA ANASAFIRI. Profesa ni wewe, unayekwenda Bondo kusoma. Wewe na mama yako mko Kibuye mkitafuta blanketi na sanduku lenye magurudumu, na vile namjua mama yako, atapindua kila sanduku la soko hilo kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Kwa hivyo nina saa mbili, tatu hivi. Nimekaa kwenye benchi la mbele, lile la Mzee Okuku, naandikia gotini.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kanisa, ya vijana wenye viatu vyeupe, mama yako ameshakuambia, na kesho mkiwa barabarani atakuambia tena. Mimi sina maagizo ya hivyo. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, watu wakiniuliza kama wewe ni dadangu, nami nikiitikia kwa sababu ilinifanya nionekane kijana. Mtu kama huyo atakuagiza nini?

Nakuandikia kwa sababu ya Alhamisi. Ulisimama mlangoni hapo, nikiwa nafunga kebo.

“Baba, ile diski iliyopigwa na radi bado iko?”

“Diski gani?”

“Si ile ya video ya Dani. Nimesikia Bondo kuna watu wanafufua diski zilizoungua. Nipe niende nayo.”

Nikakuambia nitaitafuta. Halafu nikaanza kupiga mluzi. Mama yako akinisikia napiga mluzi hujua kuna kitu nimefunika. Wewe hukujua, ukaenda zako umefurahi, ukiruka ngazi mbili mbili. Hiyo furaha yako ndiyo imenikalisha hapa na kalamu. Nitakuambia habari ya diski na ya Dani, mama yangu, lakini mimi ni mtu wa sinema, siwezi kuanza na mwisho. Keti.

Unakumbuka ukumbi ulivyokuwa mwanzo. Mabati, mabenchi sita, pazia jeusi, ile kompyuta ya mitumba na skrini kubwa ambayo nilimwambia kila mtu imetoka Japani. Na mimi kwenye kiti changu kirefu pembeni, na maikrofoni. Nilikuwa nafunga sauti ya filamu kabisa. Spika za kompyuta hata sikuziunganisha, kwa sababu watu hawakuja kusikia Kichina, walikuja kunisikia mimi nikiwasemea wahusika kwa Dholuo. Kumbuka hilo la spika, nitalirudia.

Siku nilipoileta ile skrini niliingia kwenye setingi nikakuta orodha ya namba. Ishirini na nne. Hamsini. Sitini. Ni namba za kusema skrini inajichora upya mara ngapi kwa sekunde moja. Mimi sikujua hivyo wakati huo. Nilijua tu sitini ni kubwa kuliko ishirini na nne, na mwanaume mzima hawezi kuchukua ishirini na nne wakati sitini iko hapo bure. Nikaweka sitini. Nikatangaza kwa maikrofoni: “Leo mnaangalia sitini! Kisumu mjini wenyewe hawana!” Watu wakapiga makofi. Hawakujua sitini ya nini. Hata mimi.

Halafu picha ikaanza kuchechemea.

Mtu akisimama akaongea, sawa. Lakini kamera ikigeuka polepole kuonyesha milima, ama gari likipita kutoka upande huu kwenda ule, picha inaenda, inashtuka, inaenda, inashtuka. Mzee Okuku, ambaye alishona suti za nusu ya wazee wa hapa na macho yake hayakosi uzi, akageuka kwenye hili benchi.

“Baba Akinyi! Huyu mtu wako anakimbia ama anaruka kamba?”

“Mzee, huyo ni komando. Wanafundishwa kukimbia hivyo.”

“Na mlima nao umefundishwa jeshini?”

Ukumbi mzima ukalia kwa kicheko. Mimi nikacheka nao, lakini iliniuma. Nikabadilisha kebo. Nikalaumu umeme. Nikalaumu joto, nikaweka feni nyuma ya kompyuta. Msimu ule wadudu wa ziwa walikuja kama moshi, wakajaa kwenye skrini, nikafurahi sana, kwa wiki moja kila aliyelalamika nilimwonyesha wadudu. Wadudu wakafa, tukafagia. Picha ikaendelea kuchechemea.

Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulikuja na chai yangu, ukasimama ukiangalia, umeinamisha kichwa upande. Ukasema, mbele ya watu wote:

“Baba, picha inatembea kama Dani.”

Dani alikuwa na lile goti. Hatua ndefu, hatua fupi. Ndefu, fupi. Ulikuwa umeona kitu ambacho mimi, mwenye mashine, sikuwa nimekiona: haikuwa inashtuka ovyo, ilikuwa na mpigo wake. Nami nilifanya nini? Nikachukua maikrofoni. “Jameni, tumepata fundi! Fundi, hebu enda uone kama ugali unatembea jikoni.” Wakacheka. Ukaweka kikombe chini ukaenda. Dani akasikia habari hiyo jioni, akacheka mpaka akashika goti lenyewe. “Iache picha itembee,” akasema. “Mbona mimi hufika?”

Lakini wewe hukuniambia tena kitu chochote kuhusu ile skrini. Mwaka mzima. Nililiona hilo, Akinyi, nikajifanya sijaliona.

Sasa ile siku ya video. Ulikuwa shuleni. Dani alikuwa ameshaanza kukonda, na yeye mwenyewe alijua kuliko daktari. Akanijia hapa ukumbini asubuhi, akaketi.

“Wewe na hizi mashine zako, unaweza kuniweka humo?”

“Mama, nikikuweka humo utawapita hawa nyota wote.”

“Wachana na nyota. Nataka kuongea na Akinyi. Siku atakapotoka hapa kwenda kusoma mbali, mimi sitakuwa. Umpe siku hiyo.”

Najua unajua aliomba hivyo. Alikuambia mwenyewe, na ndiyo maana umeuliza wiki hii na si mwaka jana.

Nikaazima kamera ya mpiga picha wa kanisani. Nikamvalisha lile gauni la maua ya zambarau. Nikamwambia atoke mlango wa jikoni, apite banda la kuku, aje mpaka kwenye kiti kando ya tangi la maji, nami nimfuate na kamera polepole, kama wanavyofanya watu wa sinema. Tulirudia mara tatu.

“Mama, geuka kidogo. Usiangalie kamera.”

“Sasa niangalie nani? Si naongea na mtoto?”

Mara ya tatu akakaa. Akaongea dakika tisa. Kuku wakipita, yeye anaongea. Alicheka mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nikikodolea macho ile taa nyekundu, na kivuli cha tangi kilichokuwa kinamsogelea begani, na mikono yangu isitetemeke. Alipomaliza akaniuliza, “Umesikia?” Nikamwambia, “Iko yote ndani, Mama.”

Baada ya miezi miwili tulimzika. Hapo katikati naruka kidogo. Nitarudi, nakuahidi, niko na karatasi ya kutosha.

Mwaka uliofuata nikaenda Kibuye, upande wa vyombo vya umeme vya mitumba, kutafuta skrini nyingine, maana nilikuwa nimeamua ile ya Japani imerogwa. Nikauliza fundi yuko wapi, nikaonyeshwa msichana mmoja amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na bisibisi nyuma ya sikio. Nikamwambia niitie fundi. Akasema, “Ndiye mimi. Shida yako inaongea ama haiongei?” Nikajua nimekutana na mwenzangu.

Nikamweleza. Hakushika kitu chochote. Akauliza tu, “Umeweka ngapi?” Nikasema kwa kifua, sitini. Akachukua vifuniko vya chupa za soda, akavipanga chini kwenye vumbi.

“Filamu ni picha ishirini na nne kwa sekunde,” akasema. “Skrini yako inajichora mara sitini. Gawanya. Kila picha ikae mara ngapi?”

Hesabu za kidato cha pili zikanisaidia. “Mbili na nusu.”

“Skrini inaweza kuchora nusu?”

“Haiwezi.”

“Basi picha moja itakaa mara tatu, inayofuata mara mbili. Tatu, mbili, tatu, mbili.” Akawa anagonga vifuniko kwa bisibisi. Ndefu, fupi. Ndefu, fupi.

Yawa, Akinyi. Nilisimama pale katikati ya Kibuye nikamsikia mama yangu akivuka uwanja.

Kwa hivyo hii nakuachia, maana utakuwa na ile kompyuta yako na wasichana wenzako watataka sinema, na sitaki binti yangu aonyeshe watu komando anayeruka kamba. Kwanza uliza filamu yenyewe. Kwenye programu ya kuchezea kuna mahali pa maelezo ya faili, patasema ni picha ngapi kwa sekunde. Ikisema ishirini na nne, ama ishirini na tatu na vipande, ambayo ni ishirini na nne iliyokonda, ipe skrini ishirini na nne, ama arobaini na nane, ama mia na ishirini kama inaifikia. Namba yoyote ambayo ishirini na nne inaingia bila kubakisha. Nyingine zimepigwa kwa ishirini na tano, hizo zipe hamsini. Zile za simu mara nyingi ni thelathini, hizo sitini inazifaa kabisa. Namba kubwa si mbaya, mbaya ni ile isiyogawanyika. Kuna programu zinaweza kubadilisha zenyewe filamu ikianza na kurudisha ikiisha, ukiziambia. Ukisahau kurudisha, mshale wa kompyuta utatembea kama mtu ametoka kwa chang'aa. Na kama skrini ya kompyuta yako inajua sitini peke yake, maana kuna zilizoumbwa hivyo, usigombane nayo, unganisha na televisheni ya hosteli.

Nilifika nyumbani nikaweka ishirini na nne. Kamera ikapita juu ya milima kama mkono juu ya shuka. Mzee Okuku akavua kofia. Akauliza, “Umenunua mpya?” Na mimi, wewe ukiwa umesimama pale pale na kikombe cha chai, nikachukua maikrofoni nikasema, “Ni akili tu, Mzee. Nimekaa nikafikiri, nikagundua.” Uliniangalia. Ulikuwa umeniambia mapema, na bure, na nikakutuma kwa ugali. Kwa hivyo leo naandika, na nitasaini chini: aliyegundua ni wewe. Fundi aliweka namba tu. Nikirudi kufungua ukumbi Jumatatu nitamwambia Mzee Okuku kwa maikrofoni. Atasema alijua.

Lakini hiyo siyo iliyoniweka hapa.

Yule fundi, nilipokuwa naondoka na furaha yangu, nilimuuliza swali moja, kama mtu anayeuliza tu. Nikamwambia, je, mtu akiamua kuibadilisha filamu yenyewe, aifanye iwe sitini, iteleze? Akakunja uso.

“Ziko programu za kufanya hivyo. Zinatunga picha za katikati ambazo kamera haikuona. Lakini kwa nini? Filamu haina kosa. Gusa skrini, filamu iache. Skrini utarudisha ukitaka. Filamu ukiharibu, umeharibu.”

Nikakaa kwenye ile ndoo yake. Akaniuliza kama nimekunywa maji leo. Nikamwambia ni jua.

Sasa narudi pale niliporuka.

Wiki ile tuliyorekodi, niliicheza video ya Dani kwenye skrini hii. Kamera ya kanisa ilikuwa inapiga ishirini na tano, na mimi nilikuwa kwenye sitini yangu. Pale anapotoka jikoni kuja kwenye kiti, ikachechemea vibaya: goti lake linachechemea, na picha inachechemea juu ya goti. Niliona aibu. Nikasema mama yangu hatachechemea mara mbili, si kwa mashine yangu. Ingehitaji kubonyeza hamsini. Kubonyeza mara moja tu, Akinyi. Orodha ilikuwa hapo, hamsini iko juu kidogo ya sitini.

Badala yake nikatafuta programu ya kulainisha. Ikafanya kazi tangu asubuhi mpaka jua likazama. Nikaicheza. Dani akatoka jikoni akiteleza kama mtumbwi asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Nilipiga makofi peke yangu humu ndani. Nilimwita mama yako aje aone, akasema ni nzuri. Nikafuta ile ya kwanza, kwa sababu diski ilikuwa imejaa na nilikuwa na filamu mbili za kuingiza. Nikaziingiza pale pale juu yake. Ile kadi ya kamera ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, naye akaifuta apige harusi ya Jumamosi.

Nilikuambia ukumbuke spika.

Mimi nilikuwa mtu wa kuangalia filamu bila sauti. Miaka yote. Nilipoijaribu ile iliyolainishwa, niliijaribu kama ninavyojaribu zote: kwa macho, na mdomo wangu ukisema chochote juu yake. Dani alipofariki ndipo nilipoazima spika, nisikie sauti yake. Nikaunganisha. Nikaongeza. Nikafikiri spika ni mbovu, nikaweka filamu nyingine, Mchina akaniongelea Kichina mpaka mabati yakatetemeka. Nikarudisha Dani. Midomo inaenda, mikono inaenda, laini kabisa. Programu ilichukua picha ikaacha sauti, na labda iliniuliza, kwa kile Kiingereza chao, nami nikabonyeza ndiyo.

Siku tatu baadaye radi ilipiga transfoma ya hapa barabarani, unaikumbuka. Ilizima Kisian nzima. Watu walipouliza video ya Dani, radi ilikuwa hapo tayari, nikaichukua. Kwangu haikuingia. Kompyuta nilikuwa nimeichomoa. Mama yako mpaka leo anaamini ni radi, na akisoma hii barua kabla yako, basi Mama Akinyi, salamu, tutaongea.

Diski utaikuta kwenye mkoba wako wa vitabu, nimeifunga kwa fulana yangu ya bluu. Haijaungua. Usiwasumbue watu wa Bondo waifufue. Hakuna kilicho chini yake isipokuwa makomando. Hii moja icheze kwa sitini, ni mimi niliyeifanya sitini. Karibu na dakika ya nne anacheka, na hapo mdomo wake unafanya kitu ambacho nadhani ni jina lako. Baadaye anainua kidole, kama alivyokuwa akikukanya usimwage unga. Nimeangalia mara nyingi kuliko filamu yoyote niliyowahi kuonyesha. Nimejaribu hata kumsemea, humu ndani, na mlango umefungwa, mimi niliyewasemea watu wa dunia nzima. Sikupata hata sentensi moja.

Utataka kuniuliza, na ni haki yako, kama nilikuwa mita mbili kutoka kwake, si nikuambie tu alisema nini. Akinyi, nilikuwa narekodi. Nilijua iko yote ndani. Kwa hivyo sikusikiliza.

Baba yako